Vita vya mezani na michezo ya kuigiza bila kutoa franga: vile tunafanya huku Lubumbashi

Jeshi langu la kwanza lilikuwa vifuniko 20 vya chupa za bia ya Simba, adui alikuwa na vifuniko 20 vya bia ya Tembo, tulicheza juu ya sementi kwa mjomba kule Katuba na rula ya shule njo ilikuwa kipimo, mpaka leo sijacheza vita tamu kupita ile. Naanza na hii juu watu wengi wakiona picha za visanamu vya Warhammer, ule mchezo mkubwa wa vita vya mezani, vimepakwa rangi safi wanapiga hesabu ya bei, wanaongeza usafiri wa kuvileta mpaka huku, kisha wanafunga telefone wanasema hii si mambo yetu. Hesabu yao iko sawa kabisa, wanakosea pale tu wanapofikiri visanamu njo mchezo. Mchezo ni sheria, na sheria nzuri ziko mingi za bure, za halali kabisa.

Kwa yule hajui hata kidogo, kuna michezo miwili hapa ambayo ni ndugu. Vita vya mezani ni jeshi lako na jeshi langu, tunapima mwendo kwa rula, tunarusha dadu kuona nani amepigwa. Michezo ya kuigiza mezani ni kikundi cha watu 3, 4, 5, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na mmoja njo msimulizi, yeye anasema "mmefika mbele ya mlango, ndani mnasikia mtu analia, mnafanya nini?" na nyinyi mnajibu, pale jibu likiwa na hatari mnarusha dadu. Huu wa pili ulitokana na ule wa kwanza, Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa watu wa vita vya mezani kabla hawajatoa Dungeons & Dragons (D&D) mwaka 1974.

Hatua ya kwanza: jua ni bure ya namna gani

Hapa nitakaa kidogo, juu watu wanaruka sehemu hii na baadaye inawarudia.

Kuna bure ya kusoma. Kampuni inaweka pdf, unapakua, unacheza, lakini maandishi yanabaki yao. Mwaka 2023 Warhammer 40,000 ilipotoa toleo la 10, sheria za msingi ziliwekwa bure hivyo, na mchezo wa Infinity wa Corvus Belli kule Hispania umekuwa ukitoa sheria zake bure miaka mingi, wao biashara yao ni visanamu. Unaruhusiwa kucheza mpaka uchoke. Kuchukua kitabu chao, kukitafsiri chote kwa Kiswahili na kukisambaza bila kuuliza, hiyo hapana.

Kuna bure ya kusoma, kutafsiri na kugawa. Hii njo dhahabu kwa watu kama sisi ambao lugha yetu haiko kwenye orodha ya mtu yeyote. Utaitambua kwa maneno Creative Commons mwanzoni au mwishoni mwa kitabu, kisha herufi. BY maana yake taja jina la mwenyewe. SA maana yake na wewe ukitengeneza kitu kutoka kwa hiki, kiachie wengine kwa leseni ileile. NC maana yake usifanyie biashara. ND maana yake usikibadilishe, na tafsiri inahesabiwa kuwa ni kubadilisha, kwa hiyo ukiona ND soma, cheza, gawa vile kilivyo, lakini usisambaze tafsiri. Dakika moja ya kuangalia herufi hizo itakuokolea miezi ya kazi bure.

Dungeons & Dragons yenyewe iko humo, wengi hawajui. Mwanzo wa 2023 ilivuja habari kwamba wenye mchezo, Wizards of the Coast, wanataka kubadilisha leseni yao ya tangu 2000, wachezaji wakafanya fujo kubwa, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma ikaweka kile kitabu cha sheria kinachoitwa SRD 5.1 chini ya Creative Commons BY, na leseni ile ikishatolewa hairudishwi. 2025 wakaongeza SRD 5.2 kwa leseni hiyohiyo. SRD 5.1 iko pia kwa Kifaransa, kwa hiyo kama Kingereza kinakusumbua usiumie kichwa.

Halafu kuna bure ya wizi, zile pdf za kuskani zinatembea WhatsApp kwa WhatsApp. Sitakuwa padri wako. Ila nakuambia kitu kimoja, nilishanunua flash moja iliyojaa "vitabu 300 vya jeux" kwa mtu, nusu havifunguki, vingine kurasa zimepinda huwezi kusoma meza za namba, na flash ikaleta virusi kwenye ordi ya dada yangu, akanigombeza wiki mbili. Za halali ziko safi na ziko nyepesi, sasa utahangaika na zile za nini?

Hatua ya pili: chagua mchezo MMOJA

Mmoja. Nimeona mtu anapakua michezo 40 na hajacheza hata huo mmoja.

Kwa michezo ya kuigiza mimi naanzisha watu na Cairn ya Yochai Gal. Ilitoka 2020, ni kijitabu kidogo, leseni ni BY-SA, iko kwa Kifaransa, na 2024 ikaja na toleo la pili ambalo pdf zake pia ni bure. Mhusika anatoka kwa dakika kumi: unarusha dadu 3 mara 3, unapata namba tatu, nguvu, wepesi na moyo, unaruhusiwa kubadilishana mbili, basi. Ukifanya jambo la hatari unarusha dadu ya pande 20, ukipata namba yako au chini yake umepona. Kwenye kupigana hakuna kukosa, pigo linafika kila mara, unarusha dadu ya silaha unatoa kinga ya nguo ya adui, kilichobaki ni maumivu yake. Vita vinaisha haraka na watu wanaogopa kupigana, ambayo ni sawa, watu wanaoogopa wanafikiri.

Kama uko peke yako, labda uko site ya mgodi wiki tatu na hakuna rafiki wa mambo haya, chukua Ironsworn ya Shawn Tomkin. Pdf bure tangu 2018, na imetengenezwa ichezwe hata na mtu mmoja bila msimulizi. Unarusha dadu ya 6, unaongeza namba yako, unalinganisha na dadu mbili za 10. Ukizipita zote mbili umeweza vizuri, ukipita moja umeweza lakini kuna bei ya kulipa, usipopita hata moja jiandae. Mhusika wako anakula kiapo na hadithi yote inakimbizana na kile kiapo, mimi niliicheza usiku mzima wa mvua na mshumaa, kaye (daftari) moja na biki.

Ukitaka jioni moja tu na watu ambao hawatasoma kitu, kuna Lasers & Feelings ya John Harper, ukurasa mmoja, mhusika ana namba moja kati ya 2 na 5. Mambo ya akili na mashine unataka dadu chini ya namba yako, mambo ya moyo na kuongea na watu unataka juu yake. Umeshajifunza mchezo, hapa hapa.

Na D&D? Ukiipenda chukua SRD, lakini jua ni karibu kurasa 400 za maandishi makavu, si kitabu cha kufundishia. Ni kamusi. Hakuna mtu anajifunza lugha kwa kamusi. Mtu wa sheria nyingi nyingi, anayependa kila kitu kiwe na namba, namwambia aangalie Pathfinder toleo la pili, sheria zake zote zimewekwa bure mtandaoni pale Archives of Nethys kwa ruhusa ya wenye mchezo, Paizo.

Kwa vita vya mezani jibu langu ni One Page Rules. Kuna Grimdark Future ya mambo ya anga na bunduki, kuna Age of Fantasy ya mapanga na majini, sheria za msingi bure, majeshi bure, na kitu kinaitwa Army Forge cha kukupangia jeshi na pointi bure. Zaidi ya yote hawajali unatumia kisanamu gani. Simba dhidi ya Tembo ni halali kabisa. Wanaopenda manowari za anga watafute Full Thrust ya Ground Zero Games, ile kampuni ya Uingereza imeachilia sheria zake za zamani kama pdf za bure, pamoja na Stargrunt II na Dirtside II.

Na kama una batoto nyumbani kuna kitabu cha H.G. Wells cha mwaka 1913, Little Wars, kiko Project Gutenberg bure na huyo mzee alikufa 1946, haki za kitabu zimeisha, kwa hiyo unaweza kukitafsiri hata kesho. Dadu hakuna ya kupiga risasi, ni mzinga wa kuchezea unaorusha kipande cha mti na askari akianguka amekufa. Sisi tulifanya na mpira wa kufungia franga na kipande cha kreyo (penseli), watoto wa jirani walijaa mpaka tukafunga mlango.

Hatua ya tatu: pakua mara moja, imprime kidogo

Mega ni mega. Usifungue kurasa hizi kila siku mtandaoni, siku una wifi nzuri chuoni au kwa rafiki pakua pdf, weka kwenye kadi ya memori, tuma moja kwenye grupu ya WhatsApp ya wachezaji ili kila mtu awe nayo, imeisha. Cairn na SRD hazina picha nyingi, hazili nafasi.

Kuimprime ndiko watu wanapoteza pesa. Mimi kwa ujinga nilipeleka SRD nzima kwenye duka la fotokopi, nikamwambia mtu wa pale "toa yote", akaniangalia vile mtu anaangalia mgonjwa, akaanza, kwenye ukurasa wa 60 na kitu umeme ukakatika, na zile 60 nilizolipa zilikuwa orodha za uchawi ambao hakuna mchezaji wangu aliutumia. Toa karatasi ya mhusika, nakala moja nzuri, zingine fotokopi. Toa kurasa mbili tatu za sheria ambazo mtauliza kila mara. Kitabu kidogo kama Cairn mwambie aweke kurasa mbili kwa upande mmoja wa karatasi, nyuma na mbele, utakata katikati na kushona na uzi, kinadumu.

Hatua ya nne: dadu

Dadu za pande 6 ziko, kila seti ya ludo sokoni inazo. Shida ni zile za 20, za 10, za 8. Kuna programu za telefone za kurusha na zinafanya kazi bila intaneti, lakini telefone ikizima saa mbili usiku mchezo umekufa, kwa hiyo jifunze namna ya mkono.

Namna ya kwanza ni ya kikombe. Andika namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya kartoni vyenye ukubwa sawa, weka kwenye kikombe kisichoonyesha ndani, tikisa, vuta kimoja, rudisha. Usione aibu, mwaka 1979 wenye D&D wenyewe walikosa dadu za kutosha wakauza boksi lao na vipande vya karatasi vya kukata na kuvuta, kwa hiyo wewe uko kwenye mila.

Namna ya pili inatumia dadu za ludo tu. Unataka 1 mpaka 10? Rusha dadu mbili za rangi tofauti. Ya kwanza ikitoa 6 rudia mpaka ipatikane 1 mpaka 5. Ya pili ikiwa witiri acha vile, ikiwa shufwa ongeza 5. Unataka 20? Fanya hivyohivyo kisha rusha ya tatu, ikitoa 1, 2 au 3 acha, ikitoa 4, 5 au 6 ongeza 10. Inaonekana ndefu ukisoma, ukiifanya mara kumi vidole vinajua.

Na ukikosa hata ludo, kreyo ya shule ina pande sita. Chonga namba kila upande, iviringishe mezani.

Hatua ya tano: iweke kwa Kiswahili, ukurasa mmoja

Hii njo hatua ambayo sijaona mtu akiifundisha na kwangu njo kubwa kuliko zote. Unaweza kuwa na sheria za bure, dadu, watu wamekaa, na mchezo ukafa kwa sababu msimulizi anasoma Kingereza kwa sauti, anatafsiri, mwingine anauliza kwa Kifaransa, na binamu yako mdogo kwenye kona ameshachukua telefone yake.

Chukua kaye, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili chenu, kile mnachoongea, si kile cha mitihani. Usitafsiri kitabu. Andika tu yale mtu anahitaji kujua wakati wa kucheza: namba zangu ni zipi, narusha nini nikiwa hatarini, napigwaje, nakufaje, nabeba vitu vingapi.

Na angalia maneno. Sisi kwenye Cairn tulikuta herufi HP, tukaandika "uzima" bila kufikiri, kila mtu akaelewa ni damu ya mhusika. Baadaye nikasoma vizuri, katika Cairn HP si uzima hata kidogo, ni uwezo wako wa kukwepa pigo kabla halijakufikia mwilini, ikiisha njo sasa pigo linakula nguvu yako na unajaribiwa kama umeanguka. Kwa sababu ya neno moja watu walikuwa wanaomba daktari baada ya kila vita wakati walihitaji tu kunywa maji na kupumzika dakika chache, juu sheria inasema hivyo, mapumziko mafupi yanairudisha yote. Tulikaa tukabishana, mmoja akasema "bahati", mmoja akasema "ujanja", mwishoni tukaandika "mkwepo" na kutoka siku ile hakuna mtu aliyeuliza tena. Neno zuri linafundisha sheria peke yake.

Mizigo pia tulibadilisha. Mhusika wa Cairn ana nafasi 10 za kubeba, akizijaza zote mkwepo unakuwa sufuri. Tukaziita "mafungu", na kila mtu aliyewahi kushuka kwenye gari la mpakani Kasumbalesa na vifurushi anaelewa kwa nini huwezi kukwepa kitu ukibeba mafungu kumi. Sarafu za dhahabu tukazitupa, sisi tunatumia misalaba ya shaba, ile croisette ambayo wahenga wa Katanga walifanyia biashara kabla ya hizi franga, unaikata kwa kartoni na kupaka rangi ya kahawia. Watu wanaishika mkononi na wanakuwa bahili mara moja.

Hatua ya sita: jeshi na meza

Kifuniko cha chupa kina upana wa milimita 32 hivi upande wa meno, na 32 mm njo saizi ya msingi ambao visanamu vingi vya Warhammer vinasimama juu yake, kwa hiyo una misingi mizuri kila asubuhi ya Jumapili mbele ya kila nganda (baa). Omba tu, watakupa sashe nzima. Osha na sabuni, vinanuka.

Juu yake simamisha askari wa karatasi. Tovuti ya Junior General ina mamia ya askari wa historia wa kuimprime bure, au chora mwenyewe: mtu wa sentimita 3 mbele, mgongo wake juu yake kichwa chini, kunja katikati, paka kola (gundi), acha miguu miwili midogo ya karatasi ya kubandika kwenye kifuniko. Wino mweusi na kreyo za rangi zinatosha. Ukimaliza pitisha kreyo nyeusi pembeni pembeni ya karatasi ule weupe upotee, ni sekunde tano na jeshi lote linabadilika sura.

Kwa nyumba na vilima tumia kartoni na frigolite, ile nyeupe nyepesi ya ndani ya boksi za televizyo. Kola nyeupe ya mbao tu tafadhali, zile kola kali na rangi ya kupuliza zinayeyusha frigolite, nilipoteza ngome nzima hivyo nikiwa naitazama. Mchanga juu ya kola, ikauke, rangi ya maji. Kwa udongo mwekundu huna haja ya rangi, toka nje uchote.

Miti njo fahari yetu, na hapa Lubumbashi inabidi iwe ya shaba. Nenda kwa mtu anayetengeneza mota zilizoungua, mnunulie nyuzi nyembamba za ndani ambazo zimekufa. Usichome waya wa plastiki kupata shaba, moshi ule ni sumu, na usiniletee hadithi za kebo ya barabarani. Kata nyuzi 15 za sentimita 12, shika katikati pamoja, sokota chini sentimita 5 hivi iwe shina, halafu juu gawa mbili, sokota kidogo, gawa tena, sokota, mpaka ibaki nyuzi moja moja. Ncha za chini zitandaze kama mizizi, bandika juu ya kifuniko. Chovya matawi kwenye kola kisha kwenye sponji iliyokatwakatwa na kupakwa kijani. Mwingine wetu anaacha bila majani na bila rangi, mti wa shaba mtupu unang'aa kwenye meza, na siku mshumaa umewashwa unapendeza kuliko yote.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Vita kwanza, juu ni fupi kuelezea. Meza kamili ya Grimdark Future ni sentimita 180 kwa 120, lakini kuanzia nusu yake inatosha, vikosi vitatu kwa vitatu. Inchi 12 ni rula nzima ya shule, inchi 6 ni nusu rula, sasa umeshajua mwendo: kikosi kinaweza kusimama na kupiga, au kwenda nusu rula na kupiga, au kukimbia rula nzima bila kupiga, au kurukia adui rula nzima. Bunduki ya kawaida inafika rula mbili. Mimi naamsha kikosi kimoja, wewe kimoja, mimi kimoja, hivyo hakuna mtu anakaa nusu saa akichapwa tu. Sema una askari 10 wa ubora 4+, unarusha dadu 10, kila 4 na kwenda juu imempata, sema ni 5. Adui ana kinga 5+, anarusha hizo 5, moja au mbili zitamwokoa, tatu au nne wanatoka mezani. Raundi 4, anayeshika alama nyingi zilizowekwa mezani mwishoni ameshinda. Sheria ya kwetu tuliyoongeza, ambaye kifuniko chake kimeangukia chini ya kiti anakiokota mwenyewe.

Mchezo wa kuigiza unahitaji msimulizi ajiandae, na kujiandaa ni mambo matatu tu: mahali, mtu anayetaka kitu, na kitu kitakachoharibika wachezaji wasipofanya lolote. Ramani chukua kwenye tovuti ya donjon au ya Watabou, zinajitengeneza zenyewe bure ukibonyeza. Au tumia hadithi za kwenu. Mimi nilichukua ile ya Waluba, Nkongolo mfalme mkatili, Mbidi Kiluwe mwindaji aliyetoka mashariki, Kalala Ilunga mtoto wake, nikawaweka wachezaji kama wajumbe waliotumwa kuvuka mto usiku. Sikulazimika kueleza ulimwengu, kila mtu alishausikia kwa bibi.

Usishangae wakifanya usichotegemea. Mara ya kwanza niliweka zimwi kwenye daraja linalodai ushuru, kitabu kinasubiri wapigane, wangu wakaanza kupatana. "Patron, ile bei iko nguvu, tupunguzie." Zimwi likasema misalaba 10. "Tuko bane tu, kamata ine." Nusu saa! Mwishoni walipita kwa misalaba 5 na kuku, na nilirusha dadu ya moyo wa zimwi mara moja tu. Ukiona meza inacheka hivyo funga kitabu, acha waendelee.

Kitu kimoja cha uzito. Pango la chini ya ardhi njo mahali pa kawaida pa michezo hii, na mimi nikaligeuza shimo la wachimbaji, na udongo unadondoka juu, nikifikiri nimefanya akili. Mmoja wetu akanyamaza. Kaka yake alibaki kwenye shimo kama lile. Tangu siku ile tunaweka katikati ya meza karatasi yenye alama ya X, kitu cha bure kilichobuniwa na John Stavropoulos, mtu akiigusa tunaruka pale bila kuuliza sababu. Na kabla ya kuanza nauliza, leo mambo gani tusiingie. Inachukua muda wa kupasua karanga mbili.

Baada ya kucheza, ule ukurasa wenu

Mkishacheza mara tatu nne ukurasa wa Kiswahili utakuwa umesahihishwa mpaka umekuwa mzuri, na kuna watu Kolwezi, Likasi, hata Kigoma na Mombasa ambao wanautaka. Ukitoka kwenye Cairn unaruhusiwa kuugawa, lakini chini yake lazima uandike mambo manne: umetoka kwa mchezo gani, wa nani, kwamba umetafsiri na kubadilisha, na leseni. Sisi tumeandika hivi kwa biki, kabla ya kupiga picha na kuutuma: "Ukurasa huu umetokana na Cairn ya Yochai Gal, tumeutafsiri na kuubadilisha sisi wachezaji wa Lubumbashi, uko chini ya Creative Commons BY-SA 4.0, chukua, rekebisha, gawa." Maneno yenu yawe yenu, labda huko kwenu HP hamtaiita mkwepo.